Kugeuza picha za kale za nyeusi na nyeupe ziwe PNG bila kupoteza nukta hata moja

Mzee mmoja wa Kibokoni, hapa Mombasa, aliingia dukani kwangu, karibu na Barabara ya Biashara, ameshika CD iliyokwaruzika hadi ikafanana na gamba la samaki. Enzi zake alikuwa mchoraji wa nakshi za leso: mapindo ya ukingoni, miji ya katikati, korosho za pembeni.

"Mwanangu, michoro yangu yote imo humu. Mjukuu wangu aniambia kompyuta haiijui."

"Hebu tuione, mzee wangu. Karibu kitako."

CD ilisomeka, alhamdulillahi. Ndani mlikuwa na makapu ya kila aina. Michoro aliyoskaniwa na mpwa wake kwenye mashine ya Unix chuoni, michoro ya Macintosh ndogo ya mwenye matbaa, faksi za maagizo kutoka India zilizohifadhiwa na kompyuta yenye kadi ya faksi, na faili chache zisizo na mkia wowote wa jina. Zote za nyeusi na nyeupe tupu. Haya yafuatayo ni niliyoyafanya mchana ule na siku mbili zilizofuata, nimeyapanga upya ili usipotee pale nilipopotea mimi.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Picha ya aina hii haina kijivu. Kila nukta ni biti moja, 1 au 0, wino au karatasi. Kazi yako ni kuzihamisha nukta zile zile, kwa idadi ile ile, kutoka chombo kikuukuu kwenda chombo kipya, yaani faili ya PNG. Programu za leo zina tabia ya kutaka kulainisha kingo, kuongeza vivuli na kupunguza ukubwa bila kuulizwa. Hapo ndipo nakshi inapochujuka.

Nakala kwanza

Nakili CD au flashi yote kwenye folda moja, uipe jina kama `asili`, na usifanye kazi yoyote ndani yake. Tengeneza folda ya pili, `kazi`, utie humo nakala ya faili hizo, na ya tatu, `png`, ya kupokea picha mpya. CD ikikwamakwama, ifute kwa kitambaa laini kutoka kati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha, kisha jaribu kisomeo kingine. Visomeo havilingani, kimoja hukataa diski ambayo jirani yake aisoma bila tabu.

Ijue faili kwa sura yake, usiamini jina

Mkia wa jina hudanganya. Nimewahi kuletewa faili ya `.bmp` ambayo ndani yake ni TIFF, aina nyingine kabisa ya faili ya picha, kwa sababu mtu alidhani kubadili jina ndiko kugeuza picha. Kwenye Linux au Mac fungua dirisha la amri, ingia kwenye folda yako, uandike:

`file *`

Amri hii husoma baiti (mafungu ya biti nane nane) za mwanzo za kila faili na kukwambia ni kitu gani. Kwenye Windows waweza kuifungua faili kwa programu yoyote ya kuonyesha baiti ukajitazamia mwenyewe. BMP huanza na herufi `BM`. TIFF huanza na `II` au `MM`. PBM huanza na `P1` ikiwa nukta zimeandikwa kwa tarakimu za kawaida, au `P4` ikiwa zimefungwa nane nane ndani ya baiti. PCX, ile ya Paintbrush ya zama za DOS, baiti yake ya kwanza ni 0A. WBMP, iliyotengenezwa kwa ajili ya simu za WAP, ile intaneti ya simu za zamani, huanza na sufuri mbili, na hiyo ni alama dhaifu, kwa hiyo isiwe ushahidi wako wa pekee.

XBM ndiyo iliyonifurahisha. Hii si faili ya baiti hata kidogo, ni maandishi ya lugha ya C. Ukiifungua kwa kihariri cha maandishi utaona hivi:

`#define korosho_width 64`
`#define korosho_height 64`
`static unsigned char korosho_bits[] = {`

kisha safu za namba kama `0x07, 0x1f, 0x3c`. Waandaa programu wa X, mfumo wa madirisha wa Unix, waliiandika hivyo ili picha iunganishwe moja kwa moja na programu. Kivinjari cha Mosaic kiliionyesha ndani ya ukurasa miaka ya 1990, lakini vivinjari vya leo vimeiacha, ndiyo maana mjukuu wa mzee aliona msimbo badala ya korosho.

Itazame hiyo `0x07` kwa karibu. Ni biti tatu zenye 1, zile tatu za thamani ndogo. Katika XBM, biti ndogo ndiyo nukta ya kushoto, kwa hiyo `0x07` ni nukta tatu nyeusi upande wa kushoto wa zile nane. Katika PBM mpangilio ni kinyume chake, biti kubwa ndiyo ya kushoto, na `0x07` hiyo hiyo itakuwa nukta tatu za upande wa kulia. Programu nzuri hulijua hilo na hutakuwa na haja ya kulifikiria. Ila likumbuke, litaturudia mbele.

Kwa nini PNG, na JPEG inakoharibu

PNG ilizaliwa katikati ya miaka ya 1990, baada ya mzozo wa hataza juu ya mbinu ya ubanaji iliyotumiwa na GIF, na W3C, shirika la viwango vya wavuti, ikaipitisha mwaka 1996. Leo hakuna simu, kivinjari wala programu ya kuchapa isiyoifungua. Hubana bila kupoteza kitu, na inakubali picha ya biti moja kwa nukta. Hilo la mwisho lina uzito. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2480 kwa 3508. Kwa biti moja kila nukta, hata kabla ya kubana, ni kama megabaiti 1. Kwa rangi kamili za biti 24, ni kama megabaiti 26. Ya nini kubeba gunia zima kwa kilo moja ya mchele?

JPEG iliundwa kwa picha za kamera. Huikata picha katika miraba ya nukta 8 kwa 8 na kutupa ile tofauti ndogo ambayo jicho halitaiona kwenye uso wa mtu au kwenye mawingu. Kwenye mstari mweusi juu ya karatasi nyeupe, kinachotupwa ndicho mstari wenyewe. Nilijifunza kwa hasara. Mteja wa muhuri aliniletea mchoro wake, nikauhifadhi kama JPEG bila kufikiri, nikaupeleka kwenye mashine ya leza ya kuchonga mipira. Muhuri ulitoka umezungukwa na vidoa pembeni mwa kila herufi, kama sisimizi waliovamia kaimati. Nilichonga mwingine kwa gharama yangu.

Vifaa

Utahitaji ImageMagick, programu ya kugeuza picha kwa amri, na kwa baadhi ya faili mwenziwe Netpbm. Zote mbili ni za bure. Kwenye Ubuntu na ndugu zake:

`sudo apt install imagemagick netpbm`

Kwenye Mac zinapatikana kupitia Homebrew. Kwenye Windows pakua ImageMagick kutoka tovuti yake. Asiye na kompyuta anaweza kuiweka ndani ya Termux kwenye simu ya Android kwa `pkg install imagemagick`, na kazi ikaenda hata stima ikikatika, bora simu iwe na chaji.

Toleo la 7 hutumia amri ya `magick`. Toleo la 6, ambalo bado limo kwenye kompyuta nyingi za Linux, hutumia `convert`, basi ukiambiwa `magick` haijulikani badilisha neno hilo tu. Lakini kwenye Windows usiandike `convert` peke yake. Windows ina amri yake ya jina hilo hilo, ya kugeuza mfumo wa faili wa diski, nayo haina uhusiano wowote na picha.

Kama faili zako ni BMP mbili tatu tu, acha haya yote. Zifungue kwa Paint, uzihifadhi kama PNG, uende zako ukanywe kahawa. Na anayependa kubofya kuliko kuandika atumie GIMP: afungue faili, kisha menyu ya File, Export As, aipe jina linaloishia `.png`. GIMP hufungua XBM, PCX, PBM na TIFF bila shida.

Faili moja

`magick kazi/korosho.xbm -type bilevel -define png:bit-depth=1 png/korosho.png`

Sehemu ya `-type bilevel` yasema picha ni ya rangi mbili, na ile ya `bit-depth=1` inailazimisha PNG ibaki na biti moja. Amri hii hii yafaa kwa PCX, PBM, BMP na WBMP. Unabadilisha jina la faili ya kuingia tu. Utaona watu wakishauri `-monochrome`. Ikikutana na kijivu chochote huinyunyizia nukta kuigiza kivuli, na nakshi safi ya leso itatoka na vumbi. Iepuke kwa kazi hii.

Picha ikitoka kinyume, nyeusi pawe nyeupe, usishangae. Kwenye XBM na PBM, 1 ni wino. Kwenye WBMP, 1 ni nyeupe. TIFF yaweza kuwa vyovyote, kutegemea lebo iliyo ndani yake, na kuna programu za zamani zilizoandika lebo hiyo kombo. Ongeza `-negate` kabla ya jina la faili ya kutokea, basi. Ila fanya hivyo kwa faili iliyogeuka pekee, si kwa folda nzima kwa hasira.

Faksi zilizobonyea

Hapa ndipo palinichukua muda, na kama umewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Kilindini, makabati yenu ya kidijitali yamejaa mambo haya. Mashine za faksi za Kundi la 3 zilisoma ukurasa kwa nukta 1728 kwa upana, sawa na kama 204 kwa inchi. Kwenda chini, katika hali ya kawaida, zilisoma mistari 98 tu kwa inchi, na katika hali safi 196. Maana yake nukta ya faksi ya kawaida si mraba, ina urefu mara mbili ya upana wake. Programu isiyojali jambo hilo huichora kama mraba, na ukurasa unalala chini kama chapati, herufi zimetanuka.

Kwanza tazama vipimo:

`magick identify -format "%f %w x %h, %x x %y\n" *.tif`

Ukiona upana 1728 na kimo cha kama 1145, na nukta 204 kwa 98, ndiyo hiyo. Tiba ni kurudia kila mstari mara mbili:

`magick faksi.tif -sample 100%x200% -units PixelsPerInch -density 204x196 -type bilevel -define png:bit-depth=1 ukurasa-%02d.png`

Nimetumia `-sample` kwa makusudi. Hiyo hunakili nukta ilivyo. Ukiandika `-resize` badala yake, programu itachanganya nukta jirani na kuzaa kijivu. Ile `%02d` ni kwa sababu TIFF moja ya faksi hubeba kurasa nyingi, nayo huzitoa moja moja: 00, 01, 02. Ukiisahau, ImageMagick itaziongezea namba kwa mtindo wake, na ukurasa wa 10 utapangwa kabla ya wa 2.

Kwa hati ambazo mtu atazisoma kama kitabu, kurasa za PNG zinachosha. Zikusanye kwenye PDF kwa programu ndogo iitwayo img2pdf, ambayo haizigusi nukta:

`img2pdf ukurasa-*.png -o maagizo.pdf`

ImageMagick nayo inajua PDF, lakini kwenye Linux nyingi imezuiwa kuigusa kwa sababu za usalama, na utapewa onyo la sera badala ya faili.

Michoro ya MacPaint

MacPaint, programu ya kuchora, ilikuja na Macintosh ya kwanza mwaka 1984. Kila picha yake ina ukubwa uleule: nukta 576 kwa 720, na mwanzoni kuna baiti 512 za kichwa. Netpbm ina mtaalamu wake:

`macptopbm mji.mac > mji.pbm`
`pnmtopng mji.pbm > png/mji.png`

Ikiwa picha inatoka imesogea upande mmoja, huenda faili ilisafirishwa zamani ikavishwa kichwa cha ziada cha baiti 128. Kivue kwa `macptopbm -extraskip 128 mji.mac`. Faili nne za mzee zilikuwa na gonjwa hilo.

Folda nzima

Ukiridhika na faili tatu nne ulizojaribu kwa mkono, peleka zilizobaki kwa mkupuo:

`magick mogrify -path png -format png -type bilevel -define png:bit-depth=1 kazi/*.xbm`

Kwenye toleo la 6 anza na `mogrify` yenyewe. Tahadhari na amri hii. Ukisahau `-path` na `-format`, `mogrify` huandika juu ya faili yako ya asili bila kuuliza wala kuaga. Ndiyo sababu tulianza na nakala.

Kukagua

Linganisha ya zamani na mpya:

`magick compare -metric AE kazi/korosho.xbm png/korosho.png null:`

Namba inayotoka ni idadi ya nukta zisizolingana. Unataka 0. Si 3, si 12. Ikitoka nyingine yoyote, kuna kitu kililainishwa njiani. Kwa faksi ulizozirefusha kipimo hiki hakifai, kwa kuwa vimo vimeshatofautiana. Zifungue uzisome kwa macho.

Kukuza na kukabidhi

Korosho ya nukta 64 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ukuze kwa namba nzima tu, mara 4, mara 8, kwa `-sample 800%`. Ukikuza mara 3.7 baadhi ya safu zitanenepa na nyingine kukonda, na pindo litaonekana kama limeshonwa kwenye mashua. Kwa muhuri au kibao, ambako unataka mkunjo laini, tumia potrace, inayosoma PBM na kuchora SVG, picha ya mistari badala ya nukta:

`potrace -s korosho.pbm -o korosho.svg`

Hiyo lakini ni kazi mpya juu ya mchoro, iweke faili yake mbali na nakala safi.

Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ukituma kama picha, itageuzwa JPEG njiani na kupunguzwa, na kazi yako yote imerudi kwa sisimizi.

Faili isiyo na kichwa

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyoniumbua. Kulikuwa na faili ya `pindo.dat`, baiti 64 kamili, haina kichwa wala alama. Baiti 64 ni biti 512, kwa hiyo ni 8 kwa 64, au 16 kwa 32, au 32 kwa 16, au 64 kwa 8. Unajaribu moja moja. Upana ukiwa si wenyewe, picha inalala upande kama tanga la ngalawa kwenye upepo wa kusi, au inavunjika vipande. Ya kwangu ilikaa sawa kwenye 8 kwa 64:

`magick -size 8x64 -depth 1 gray:pindo.dat -negate pindo.png`

Kwa kawaida, mpangilio wa biti ukiwa si wenyewe, picha hukatika kila nukta nane kama mkeka ulioshonwa ukili kinyumenyume, na unagundua papo hapo. Hii ilitoka safi kabisa. Nikamwonyesha mzee kwenye kioo, nikiwa nimeshaanza kufungua faili nyingine.

Akainama, akavaa miwani, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, mkia wa korosho hii waelekea ndani. Mimi sikuchora hivi. Pindo la kushoto mkia hutazama nje."

Picha yote ilikuwa na upana wa nukta nane tu. Kugeuza mpangilio wa biti ndani ya baiti moja kuligeuza picha nzima, kama kwenye kioo, na hapakuwa na mshono wa kuonyesha kosa. Faili ilikuwa ya mashine ile ya Unix, yenye mpangilio wa XBM:

`magick -size 8x64 mono:pindo.dat pindo.png`

Hapa `mono` husoma biti ndogo kwanza na kuchukulia 1 kuwa wino, kwa hiyo `-negate` haihitajiki. Nikaifungua tena.

"Ehee. Hiyo ndiyo yangu."